Kichaa cha Mbwa na Safari za Nje ya Nchi: Kwa Nini Mbwa Husubiri Miezi Minne

Utangulizi

Familia inapopata uhamisho wa kikazi, nafasi ya masomo au makazi mapya ng'ambo, mbwa wa nyumbani huwa wa mwisho kukumbukwa. Pasipoti za watoto hushughulikiwa mapema, tiketi hukatwa, mizigo hufungwa. Wiki tatu kabla ya safari ndipo mwenye mbwa hufika kwa daktari wa mifugo kuomba cheti. Jibu analopewa humshangaza. Kwa mbwa anayetoka Tanzania au Kenya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, na ambaye hajaanza maandalizi yoyote, safari haiwezekani kabla ya takribani miezi minne. Baadhi ya watu huuona muda huo kuwa ni urasimu mtupu, na wapo wanaoshawishika kutafuta njia ya mkato.

Makala haya yanaeleza chanzo cha muda huo. Hoja yake ni moja: kila siku ambayo mbwa anasubirishwa inatokana na tabia ya virusi vyenyewe, na inajibu swali ambalo hakuna maabara inayoweza kulijibu kwa siku moja. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza kueleza hatua za chanjo na uthibitisho kwa mbwa msafiri, kupanga kalenda ya safari, na, kwa mhudumu wa afya, kuamua la kufanya pale mgonjwa anapoumwa na mbwa anayesemekana kuwa amechanjwa.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyoenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kupitia jeraha la meno. Virusi huingia katika neva zilizo karibu na jeraha, kisha husafiri polepole kufuata neva hizo hadi kwenye ubongo. Katika safari hiyo mwathirika haoni dalili yoyote. Kwa binadamu kipindi hicho kwa kawaida huwa miezi miwili hadi mitatu, lakini kinaweza kuwa kifupi kama wiki moja au kirefu kufikia mwaka mmoja, kwa kutegemea mahali jeraha lilipo na kiasi cha virusi kilichoingia. Dalili zikishaanza, ugonjwa huishia katika kifo karibu kwa kila mgonjwa, awe mtu au mbwa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na asilimia 95 ya vifo hivyo hutokea Afrika na Asia. Mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu, na wanne kati ya kila wahanga kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa maneno mengine, nchi za Afrika Mashariki zimo katika eneo ambalo ugonjwa huu bado una makao. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi zimeuondoa kwa mbwa wao, na Marekani ilitangaza mwaka 2007 kuwa imeondokana na aina ya virusi inayozunguka kwa mbwa. Mpaka kati ya maeneo hayo mawili ndio unaolindwa kwa chanjo na vyeti.

Kipimo ambacho hakipo

Kiini cha somo zima ni hiki: hakuna kipimo kinachoweza kumchukua mbwa aliye hai na mwenye afya, kikathibitisha kwamba hana virusi vya kichaa vinavyosafiri katika neva zake. Utambuzi wa uhakika hufanywa kwa kuchunguza ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa. Damu haisaidii katika hatua hiyo, kwa kuwa virusi havienei kwa njia ya damu.

Kwa sababu hiyo, nchi zilizo huru zilitegemea kwa muda mrefu njia moja tu, nayo ni kumtenga mbwa na kungoja. Uingereza ilijifunza umuhimu wake baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918 ugonjwa uliokuwa umekwisha kuondolewa uliingia tena pamoja na mbwa waliopenyezwa kutoka ng'ambo, na ulidhibitiwa tu mwaka 1922. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mbwa aliyeingia nchini humo alikaa karantini miezi sita. Mwaka 2000 mpango mpya wa safari za wanyama wa nyumbani ulianza kuibadili karantini hiyo kwa maikrochipu, chanjo na kipimo cha damu. Muda wa kungoja haukufutwa; ulihamishiwa nyumbani kwa mwenye mbwa, kabla ya safari.

Hatua na sababu zake

Kwa mbwa anayesafiri na mwenyewe kutoka nchi ambazo Umoja wa Ulaya haujaziweka katika orodha ya nchi zenye udhibiti wa kuridhisha, zikiwemo Tanzania na Kenya, hatua za msingi ni hizi zifuatazo. Mfuatano wake haubadilishwi.

1. Maikrochipu. Kifaa hiki kidogo kama punje ya mchele huwekwa chini ya ngozi na hubeba namba ya pekee. Lazima kiwekwe kabla ya chanjo au siku ileile ya chanjo. Chanjo iliyotolewa kabla ya maikrochipu haihesabiwi, hata kama ilitolewa kwa usahihi, kwa kuwa hakuna kinachoithibitisha kuwa ilimwingia mbwa huyu na si mwingine anayefanana naye.

2. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa awe ametimiza wiki 12. Mtoto wa mbwa huzaliwa akipata kingamwili kutoka kwa mama yake, na kingamwili hizo zinaweza kuizuia chanjo isifanye kazi kikamilifu. Hapa panahitaji uangalifu. Katika kampeni za vijijini wataalamu hushauri kuchanja hata watoto wadogo wa mbwa, kwa kuwa lengo ni kuikinga jamii yote kwa mkupuo mmoja. Chanjo hiyo ina manufaa kwa jamii, lakini haitambuliwi kwa cheti cha safari. Mbwa huyo atachanjwa tena atakapofikisha umri.

3. Kipimo cha kingamwili. Damu huchukuliwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, muda unaohitajika ili mwili ujenge kinga ya kutosha. Seramu hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na matokeo yanayokubalika ni uniti za kimataifa 0.5 kwa mililita au zaidi. Kipimo hiki kinaonyesha kwamba chanjo imepokelewa na mwili. Hakionyeshi kwamba mbwa hakuambukizwa kabla ya kuchanjwa.

4. Kungoja miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa. Hatua hii ndiyo inayojibu swali lililobaki. Iwapo mbwa aliumwa na mnyama mwenye kichaa kabla ya chanjo, kwa kawaida ugonjwa utajitokeza ndani ya muda huo akiwa bado nyumbani. Ndiyo maana inaweza kusemwa kwamba, katika kichaa cha mbwa, muda wenyewe ni kipimo.

5. Cheti cha afya. Hutolewa au kuidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya mbwa kuwasili. Kwa nchi kama Uingereza, Ireland, Finland, Malta na Norway, mbwa hupewa pia dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Sharti hilo halihusiani na kichaa, lakini likisahauliwa mbwa anaweza kuzuiwa mpakani.

Chanjo ikirudiwa kabla ya tarehe yake kuisha, kipimo cha damu hakirudiwi maisha yote ya mbwa. Ikicheleweshwa hata kwa siku moja, hesabu huanza upya: chanjo, siku 30, damu na miezi mitatu.

Kupanga kalenda

Namna iliyo salama ni kuhesabu kutoka siku ya safari kurudi nyuma. Tuseme familia inahama Dar es Salaam kwenda Ujerumani tarehe 1 Septemba. Damu ya mbwa lazima iwe imechukuliwa ifikapo mwanzoni mwa Juni. Ili siku 30 zitimie, maikrochipu na chanjo viwe vimekamilika ifikapo mwisho wa Aprili. Hata hivyo, ratiba hiyo haina nafasi ya ajali. Seramu inaweza kuharibika njiani, na mbwa anaweza kupata matokeo yaliyo chini ya 0.5 na kulazimika kuchanjwa tena. Anayeanza mwezi Februari au Machi ana muda wa kurudia hatua moja bila kupoteza safari.

Kwa mtoto wa mbwa, hesabu ni ndefu zaidi: wiki 12 za umri, siku 30 na miezi mitatu humfikisha karibu miezi saba. Mtu anayepewa kilebu mwezi mmoja kabla ya kuhama anapaswa kuelezwa ukweli huo siku hiyohiyo.

Muda usipotosha, uchaguzi ulio sahihi ni kuahirisha safari ya mbwa au kumkabidhi kwa mlezi wa kuaminika. Ieleweke kwamba Umoja wa Ulaya humhesabu mbwa kuwa anasafiri na mwenyewe pale tu safari zao zinapopishana kwa siku zisizozidi tano. Zikizidi hapo, hufuata taratibu za wanyama wa biashara, ambazo ni nzito zaidi. Kumwacha mbwa mtaani si uchaguzi. Mbwa aliyetupwa hukosa chanjo za marudio, na huongeza idadi ya mbwa wasio na mwangalizi ambao ndio huuendeleza ugonjwa.

Marekani na nchi nyingine

Kila nchi ina masharti yake, na masharti hubadilika. Mwaka 2021 Marekani ilisimamisha kwa muda uingizaji wa mbwa kutoka nchi zenye hatari kubwa baada ya kuongezeka kwa vyeti vya kughushi. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa yeyote anayeingia nchini humo lazima awe na umri wa angalau miezi sita, awe na maikrochipu, na taarifa zake ziwe zimejazwa katika fomu ya uingizaji. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa. Mbwa aliyechanjiwa huko huhitaji cheti kilichoidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Huingia kupitia viwanja vya ndege vichache vyenye vituo vilivyosajiliwa, na huko huchunguzwa na kuchanjwa tena. Asipokuwa na matokeo halali ya kipimo cha kingamwili, hukaa karantini siku 28.

Anayerudi nyumbani na mbwa kutoka ng'ambo naye hana budi kuomba kibali cha kuingiza mnyama kutoka kwa mamlaka ya mifugo kabla ya safari. Kwa vyovyote vile, taarifa za mwisho zitafutwe kwa mamlaka ya nchi anakokwenda msafiri na kwa idara ya mifugo ya nchi anakotoka, si kwa wakala wa tiketi.

Safari ya mbwa mmoja

Mwezi Agosti 2004, mtoto wa mbwa aliyeingizwa Bordeaux, Ufaransa, kutoka Morocco bila kufuata taratibu, aligundulika kuwa na kichaa. Alikuwa amekutana na watu wengi, hata ikalazimu tahadhari ya kimataifa kutolewa ili wote watafutwe. Watu 187 walipewa tiba ya kinga. Hakuna aliyeugua, lakini gharama na hofu ya miezi hiyo yote ilitokana na mnyama mmoja aliyepitishwa mpakani bila kungoja.

Mfano wa karibu zaidi uko Pemba. Kisiwa hicho kilikuwa na minyororo mitano ya maambukizi mwaka 2010, na kampeni za kila mwaka za kuchanja mbwa kisiwani kote ziliikata yote kufikia Mei 2014. Baadaye kampeni zilisita. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa, na mlipuko mpya ukaanza. Ulizimwa mwezi Oktoba 2018, baada ya chanjo kurejeshwa kisiwani kote. Pemba inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Bahari peke yake hailindi kisiwa. Na mahali ambapo idadi ya mbwa waliochanjwa imeshuka, mnyama mmoja anayeingia anatosha kuurudisha ugonjwa. Ndiyo sababu lengo linalotajwa daima ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kwa kuwa kiwango hicho hukata mnyororo wa maambukizi.

Kwa mhudumu wa afya: mbwa mwenye cheti anapouma

Mgonjwa hufika kituoni na kusema: «Mbwa wa jirani ameniuma, lakini amechanjwa, ana karatasi zote.» Kauli hii haipuuzwi, lakini pia haichukui nafasi ya matibabu.

Jambo la kwanza ni jeraha. Lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu. Kushona jeraha huepukwa au kuahirishwa inapowezekana, na hitaji la chanjo ya pepopunda huangaliwa. Uoshaji huu hauhitaji kungoja daktari wala cheti cha mbwa, na unaweza kuanza nyumbani.

Jambo la pili ni kupima uzito wa tukio. Mbwa akigusa au kulamba ngozi isiyo na jeraha, chanjo haihitajiki. Mchubuko mdogo usiotoa damu, au kung'atwa juujuu kwenye ngozi iliyo wazi, huhitaji chanjo. Jeraha lililopenya ngozi, au mate kugusa kidonda, macho au kinywa, huhitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, ambayo huchomwa ndani na kuzunguka jeraha. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanaruhusu chanjo ya ndani ya ngozi katika sehemu mbili za mwili siku ya 0, ya 3 na ya 7. Mhudumu afuate ratiba iliyomo katika mwongozo wa taifa lake. Ujauzito na uchanga si vizuizi vya kutoa chanjo hii.

Jambo la tatu ndilo linalohusu cheti. Je, namba ya maikrochipu inalingana na ya mbwa? Je, chanjo ilitolewa akiwa na wiki 12 au zaidi? Je, zimepita siku 21 tangu chanjo ya kwanza, na je, muda wake haujaisha? Cheti kinachojibu maswali hayo hupunguza wasiwasi, lakini uamuzi hukamilishwa na mbwa mwenyewe. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma huonyesha dalili au kufa ndani ya siku 10. Kwa hiyo mahali penye ugonjwa, matibabu huanza bila kuchelewa, na mbwa hufungiwa na kuangaliwa siku 10 chini ya afisa mifugo. Akibaki mzima, dozi zilizosalia zinaweza kusitishwa. Mbwa asiuawe kwa hasira wala kuachwa atoweke, kwa kuwa pamoja naye hupotea ushahidi.

Wasafiri nao wasisahauliwe. Mwaka 2019 mwanamke kijana raia wa Norway alifariki kwao baada ya kung'atwa na mtoto wa mbwa aliyemwokota akiwa mapumzikoni Ufilipino. Majeraha yalikuwa madogo, wala hakuchanjwa. Anayepanga kukaa maeneo ya mbali na hospitali, au kufanya kazi na mbwa, anafaa kupata chanjo ya kinga kabla ya safari. Aliyekwisha kuipata akiumwa bado huhitaji dozi siku ya 0 na ya 3, ila hahitaji imunoglobulini.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa mbwa alichanjwa katika kampeni akiwa na wiki nane. Sasa ana wiki 14 na mwenyewe anataka damu ichukuliwe kwa safari ya Ufaransa. Afanyeje?
Jibu: Awekewe maikrochipu, achanjwe tena, na siku 30 zihesabiwe tangu chanjo hiyo mpya.

2. Mbwa alichanjwa tarehe 10 Januari, akawekewa maikrochipu tarehe 15 Januari. Je, chanjo hiyo inafaa kwa cheti?
Jibu: Haifai. Maikrochipu ilipaswa kutangulia au kuwekwa siku ileile. Chanjo irudiwe.

3. Mtoto wa miaka saba ameumwa mkononi na mbwa mwenye cheti halali, na damu imetoka. Mama anauliza kama anaweza kusubiri siku 10 amwangalie mbwa kwanza.
Jibu: Asisubiri. Jeraha lioshwe, matibabu yaanze siku hiyo, na mbwa aangaliwe wakati matibabu yanaendelea. Mbwa akibaki na afya, daktari ataamua kusitisha dozi zilizobaki.

Hitimisho

Sheria za safari za mbwa na matibabu ya aliyeumwa hutokana na ukweli mmoja kuhusu virusi vinavyotembea polepole na kwa siri. Kwa mbwa, polepole hiyo hulazimisha kungoja miezi, ili kilichofichika kijitokeze kabla ya kuvuka mpaka. Kwa binadamu, polepole hiyohiyo ni nafasi ya kuokoa maisha, kwa kuwa chanjo inayotolewa mapema huvitangulia virusi kabla havijafika kwenye ubongo. Mbwa hupewa muda, na mtu aliyeumwa huhudumiwa siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo anayekataa kuandika tarehe ya uongo, na muuguzi anayemwosha mtoto jeraha kwa dakika 15 kamili, wanafanya kazi moja.